Siku Nilipoisikia Menyu Yangu Mwenyewe

Kwa miaka sita nimekuwa nikitengeneza tovuti za vyama, shule na biashara ndogo za Tanga, na katika muda huo wote sikuwahi kuisikia hata moja. Nilizitazama tu. Nilizipima kwa macho, nikazizungukia kwa kipanya, nikazifungua kwenye simu ya mke wangu ili nihakikishe kwamba picha hazikatiki pembeni, kisha nikapeleka ankara. Mwaka jana chama kimoja cha akiba na mikopo nilichokihudumia kilinipigia simu na kunieleza kwamba mwanachama wao mmoja, mwalimu mstaafu asiyeona, ameshindwa kuufikia ukurasa wa mikopo, na kwamba hakuleta malalamiko yoyote bali ameomba tu yule fundi aende akakae naye kwa nusu saa. Nilikaa naye kutwa nzima.

Mwalimu, kama kila mtu mtaani kwao Ngamiani anavyomwita, ana kompyuta mpakato ya zamani iliyowekewa NVDA, programu ya kusoma skrini inayotolewa bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na kuendelezwa naye pamoja na James Teh, Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni, kwa sababu programu nyingine za aina hiyo ziliuzwa kwa bei ambayo wengi wa waliozihitaji hawakuimudu. Sauti inayosoma ni ya eSpeak, sauti kavu kama ya mtu anayezungumzia ndani ya debe, lakini inakijua Kiswahili, na Mwalimu ameiharakisha kiasi kwamba mimi niliyezoea kusoma kwa macho sikuambulia neno. Nilimwamkia, akaitikia, akanivutia kiti. "Kaa hapa karibu, mwanangu," alisema, "usikilize ulichonijengea."

Alipofungua ukurasa wa mwanzo, jambo la kwanza lililotokea ni kwamba sauti iliacha Kiswahili. Muda mfupi kabla ya hapo ilikuwa ikisoma majina ya mafaili yake kwa matamshi yanayoeleweka, lakini ilipoingia kwenye tovuti yangu ikaanza kulitamka kila neno kwa kanuni za Kiingereza, na maneno kama "Wanachama" na "Jiunge Nasi" niliyatambua kwa sababu tu niliyapanga mwenyewe na nilijua yanafuatana vipi. Mwalimu alicheka. "Huyo ndiye Mzungu wako," alisema. "Kila nikija kwako, yeye ndiye anayenipokea." Kisha akabonyeza kitufe cha Tab, kinachomhamisha mtu kutoka kiungo kimoja hadi kingine, akaendelea kukibonyeza, nami nikawa nahesabu. Kwanza lilisomwa jina la faili la picha ya nembo pamoja na tarakimu zake zote. Vikafuata viungo vya menyu kuu na vya menyu ndogo zake, jumla yake 34, ambavyo jicho halivioni mpaka kipanya kipite juu yake, lakini kwa sikio vyote vilikuwa wazi na vimejipanga kama ndoo kwenye foleni ya maji. Alipochagua "Huduma Zetu" ukurasa mpya ulifunguka, na foleni ile ile ikaanza upya kutoka kwenye nembo. Alipoimaliza kwa mara ya pili alifika mahali nilipoweka vibao vitatu vizuri vya rangi, Akiba, Mikopo na Bima, vinavyofunguka kipanya kinapopita juu yake. Tab haikuvigusa, na alipotumia kitufe cha mshale sauti ilisoma neno "Mikopo" kama maandishi ya kawaida, bila kulitaja kuwa kiungo wala kitufe. Akabonyeza Enter. Kimya. Akabonyeza tena, akanigeukia na kuniuliza kwa upole kama nilikuwa nimesahau kuweka mlango.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kuwaeleza wenzangu wa fani hii kosa langu lilikuwa wapi, na maelezo ninayoona yanaingia akilini upesi ni haya: jicho hutupa wavu, sikio huvua kwa mshipi. Anayeona hufungua ukurasa akaufunika wote kwa mtazamo mmoja, akabaini kwamba juu pana menyu, pembeni pana matangazo, katikati ndipo penye jambo lenyewe, na yale asiyoyataka huyaacha bila hata kutambua kwamba ameyaacha. Anayesikiliza hupata kitu kimoja, halafu kingine, na kila asichokitaka kinamgharimu muda sawa na anachokitaka. Menyu ya juu ya ukurasa, ambayo mimi niliiona kama kitu kimoja kilichokaa mahali fulani, kwake ilikuwa ni dakika mbili zinazojirudia kila anapogeuka. Nilikuwa nimempa mshipi na kumtaka avute bahari nzima.

Ni muhimu pia kuelewa programu hiyo inasoma nini hasa, kwa kuwa jina lake linapotosha. Haitazami picha iliyo kwenye kioo. Kivinjari kinapopokea msimbo wa HTML, lugha ya kujengea kurasa za tovuti, huchora ukurasa kwa ajili ya macho, na papo hapo hujenga kando mti wa taarifa ambao kila tawi lake hueleza kitu kinaitwaje, ni cha aina gani na kiko katika hali gani: kinaitwa "Mikopo", ni kitufe, kimekunjwa. Mti huo ndio unaosomwa. Vibao vyangu vya rangi vilijengwa kwa tagi (alama ya HTML) iitwayo div, tagi isiyosema lolote kuhusu kazi ya kitu, na kwa hiyo ndani ya mti vilikuwa na jina bila aina wala hali, na Tab ilivipita kama gari la abiria linavyopita kituo kisicho na mtu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, yaani wa kuzifanya tovuti zitumike hata na wenye ulemavu, uitwao WCAG na kutolewa na W3C, taasisi inayoweka viwango vya tovuti duniani, una kigezo cha 4.1.2 kinachodai mambo hayo matatu kwa kila kitu ambacho mtumiaji anaweza kukitumia, nacho kimo katika ngazi A, yaani ngazi ya chini kabisa ambayo asiyeifikia hawezi kusema amefikia chochote. Toleo la kwanza la mwongozo huo lilitoka mwaka 1999, na la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Mimi niliujua kwa jina tu, kama mtu anavyoijua Katiba.

Baada ya chai Mwalimu alinionyesha anavyotembea katika tovuti iliyojengwa vizuri, na hapo ndipo niliposhangaa zaidi, kwa sababu hakugusa Tab hata mara moja. Alibonyeza herufi H. Kila alipoibonyeza aliruka hadi kichwa cha habari kinachofuata, na alipotaka vichwa vikubwa tu alibonyeza tarakimu 2, na alipotaka kuhama kutoka eneo moja la ukurasa kwenda jingine, kwa mfano kutoka kwenye menyu hadi kwenye habari yenyewe, alibonyeza D. Alipobonyeza Insert pamoja na F7 lilifunguka dirisha lenye orodha ya viungo vyote vya ukurasa, akaandika herufi mbili za mwanzo za kiungo alichokitaka na akawa amefika. Nilikuwa nimedhani kwamba mtu asiyeona husoma ukurasa kuanzia juu hadi chini kama kanda ya kaseti. Kumbe huuruka kwa kasi kuliko mimi, mradi tu aliyeujenga ameacha mawe ya kukanyagia. Katika utafiti wa watumiaji wa programu hizi ambao WebAIM, taasisi ya Marekani inayoshughulikia ufikivu wa tovuti, iliutoa mwanzoni mwa 2024, asilimia 71.6 ya waliojibu walisema kwamba wanapotafuta jambo katika ukurasa mrefu huanza kwa kupitia vichwa vya habari. Wengi wa waliojibu wanaishi Amerika ya Kaskazini na Ulaya, na ningependa sana siku moja kuona utafiti wa namna hiyo kwetu, ambako simu ndiyo kompyuta ya watu wengi, lakini Mwalimu hakutofautiana nao.

Kwenye tovuti yangu, H ilimpeleka moja kwa moja kwenye neno "Tangazo" lililoko chini kabisa ya ukurasa, kisha ikamwambia kwamba hakuna kichwa kingine. Nilijua sababu mara moja, na nikaona haya. Kichwa kikubwa cha juu nilikiandika kama maandishi ya kawaida yaliyonenepeshwa, na kwenye neno "Tangazo" nilitumia h4 kwa sababu ukubwa wa herufi zake ulinipendeza. Nadhani nusu ya watengenezaji wa tovuti ninaowafahamu huchagua vichwa kwa namna hiyo, kama mtu anayechagua ukubwa wa shati. Ukubwa ni kazi ya CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa. Tagi za h1 hadi h6 zinaeleza ngazi: lipi ni jina la ukurasa, lipi ni sehemu yake, lipi ni kifungu ndani ya sehemu hiyo, na anayesikiliza hujenga ramani ya ukurasa kichwani mwake kutokana na ngazi hizo. Kurekebisha kurasa zote kulinichukua asubuhi moja.

Suala la Mzungu lilikuwa jepesi zaidi kulirekebisha, na ndilo lililoniudhi zaidi, kwa kuwa lilitokana na herufi mbili. Kiolezo nilichokinunua, yaani muundo wa tovuti ulio tayari, kilikuwa na sifa ya lang, inayotaja lugha ya ukurasa, yenye thamani "en" kwenye tagi ya html, na mimi nilijaza Kiswahili ndani yake bila kuigusa. NVDA ikikuta sifa hiyo huiamini na hubadilisha sauti yenyewe, maana yake ni kwamba kuandika lugha isiyo sahihi ni kubaya kuliko kutoandika chochote. Kama ningeiacha wazi, sauti ya Kiswahili aliyoichagua Mwalimu ingeendelea kusoma. Niliiweka "sw". Hili naliandika kwa msisitizo kwa sababu wenzetu wanaotumia lugha ambazo violezo huandikwa kwazo hawana haja ya kulifikiria, na hata miongozo yao hulipitia haraka, ilhali kwetu sisi tunaoandika Kiswahili ndani ya violezo vya wengine, ni kosa ambalo ninaamini limejaa kila mahali. Fungueni tovuti mliyoijenga mwisho, mtazame mstari wake wa pili.

Lugha iliibua pia suala la kibonyezo cha kuchagua kati ya Kiswahili na Kiingereza, ambacho nilikiwakilisha kwa picha mbili za bendera zisizo na maelezo. Mwalimu alisikia "kiungo, picha, kiungo, picha". Wazo langu la kwanza lilikuwa kuandika maelezo ya picha, "Bendera ya Tanzania" na "Bendera ya Uingereza", mpaka aliponiuliza ndugu yake wa Mombasa abonyeze ipi. Nikaziondoa bendera. Sasa pameandikwa "Kiswahili" na "English", na neno la pili lina sifa yake ya lang ili litamkwe kwa lugha yake.

Kazi kubwa ilikuwa menyu yenyewe, na hapo nilikosea mara mbili kabla ya kupatia. Nilianza kwa kuizungushia tagi ya nav, ambayo huufahamisha mti ule kwamba hili ni eneo la kusafiria ndani ya tovuti, na kwa kuwa ukurasa ulikuwa na maeneo mawili ya aina hiyo, la juu na la chini, nililipa kila moja jina lake kwa aria-label, sifa inayokipa kitu jina la kusikika: "Kuu" na "Chini ya ukurasa". Mara ya kwanza niliandika "Menyu kuu ya urambazaji", kisha nikasikia programu ikitangaza urambazaji mara mbili, mara moja kutoka kwangu na mara moja kutoka kwake yenyewe, kama mtu anayesema "rudia tena upya". Viungo niliviweka ndani ya orodha ya kweli, ul na li, kwa sababu orodha huhesabiwa: msikilizaji huambiwa mapema kwamba kuna vitu saba, akaamua kama asubiri au apite. Niliambiwa baadaye kwamba Safari, kivinjari cha Apple, huacha kuitangaza orodha iliyoondolewa vidoto kwa CSS, isipokuwa ikiwa ndani ya nav. Ni jambo dogo lakini lilinifurahisha, kwa kuwa lilithibitisha kwamba tagi sahihi hukulinda hata dhidi ya hatari ambazo huzijui.

Kisha nikaja kwenye menyu ndogo, na hapo ndipo nia njema iliponiponza. Nilisoma kuhusu ARIA, sifa za ziada ambazo W3C iliziidhinisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2014 ili kuiongezea HTML maelezo ambayo haina, nikakuta humo aina iitwayo menu na nyingine iitwayo menuitem, nikasema hili ndilo hasa nililokuwa nikilitafuta. Nilizipachika kila mahali. Nilipomrudia Mwalimu, hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Aina hizo zimekusudiwa menyu za programu, kama ile ya kuhifadhi na kuchapisha katika programu ya kuandikia, na programu ya kusoma skrini ikizikuta hubadilisha namna yake ya kufanya kazi: H huacha kuruka vichwa, vitufe vya mishale hutarajiwa kuhamisha kutoka kitu hadi kitu, na Tab hutarajiwa kutoka nje ya menyu nzima. Mimi sikuwa nimeandika msimbo wowote wa mishale. Mwalimu alijikuta ndani ya chumba ambacho vitasa vyake vyote ni vya kuchora. W3C wenyewe wameandika katika miongozo yao ya ARIA kwamba kutokuwa na ARIA ni afadhali kuliko kuwa na ARIA mbovu, na uchunguzi ambao WebAIM huufanya kila mwaka kwa kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja umekuwa ukionyesha kwamba kurasa zenye ARIA huwa na wastani wa makosa mengi kuliko zisizonayo. Nilikuwa mmoja wao.

Kilichofaa hatimaye kilikuwa rahisi hata nikaona aibu. Kila kichwa cha menyu ndogo ni kitufe, kwa tagi ya button, chenye sifa moja tu ya ARIA, aria-expanded, inayosema kama kimekunjwa au kimekunjuliwa. Viungo vya ndani ni viungo vya kawaida, na kitufe kikiwa kimekunjwa vinafichwa kabisa, si kwa kuvisogeza nje ya kioo wala kuvififisha mpaka visionekane kama nilivyofanya mwanzo, kwa sababu kitu kilichofichwa macho pekee hubaki masikioni. Ukibonyeza Enter au nafasi kinafunguka, ukibonyeza Escape kinajikunja na fokasi, yaani mahali kibodi inapofanyia kazi, inarudi kwenye kitufe kile kile ulichotokea, ili usipotee. Menyu ya viungo 34 imekuwa vitufe na viungo 7, na anayetaka mikopo hufungua mlango mmoja tu. Kiungo cha ukurasa ulipo sasa kina aria-current, kwa hiyo anayesikiliza huambiwa kwamba hapa ndipo alipo, jambo ambalo anayeona huambiwa na rangi tofauti. Vibao vya Akiba, Mikopo na Bima navyo vimekuwa viungo vya kawaida vinavyoelekea kila kimoja kwenye ukurasa wake. Mpaka leo sijui kwa nini niliwahi kudhani kwamba vinapaswa kuwa kitu kingine.

Kwenye simu nilikuta kosa lile lile kwa sura nyingine. Mwalimu ana simu ya Android yenye TalkBack, programu ya kusoma skrini ya simu, na huko menyu yangu ilijificha nyuma ya mistari mitatu ambayo kila mwenye macho anaijua. Alipotelezesha kidole kwenda kulia, kitu kwa kitu, mistari hiyo haikutajwa kabisa. Alipotembeza kidole juu ya kioo akaigusa kwa bahati, hakusikia kitu. Ilikuwa div iliyochorwa mistari, na mistari haina jina. Sasa ni button yenye jina "Menyu" na ile ile aria-expanded, na neno "Menyu" nimeliandika lionekane pia, kwa kuwa mama yangu mzazi, mwenye macho mazima, naye hakuwahi kujua ile mistari ni ya nini.

Kiungo cha kuruka menyu ni kitu cha kale katika fani hii, na nilikiona kama pambo mpaka nilipokisikia kikifanya kazi. Kinakuwa kitu cha kwanza kabisa katika ukurasa, kinaonekana pale tu fokasi inapokifikia, na ukikibonyeza kinakupeleka mwanzo wa eneo la main, penye habari yenyewe, bila kupitia nembo wala menyu. Hutimiza kigezo cha 2.4.1, nacho ni cha ngazi A. Kosa langu lilikuwa kukificha kwa CSS, kwa sifa ya display yenye thamani none, njia inayoficha kitu kwa macho na kwa masikio pia, na kwa wiki mbili nilijivunia kiungo ambacho hakuna binadamu angeweza kukifikia. Kosa la pili lilikuwa la lugha. Nilikiita "Ruka hadi kwenye maudhui". Mwalimu, ambaye alifundisha Kiswahili maisha yake yote, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mkulima wa Muheza aliyekuja kutafuta mkopo hakuja kutafuta maudhui. Tumekubaliana juu ya "Nenda kwenye habari yenyewe".

Alikuwa na neno pia kuhusu viungo vingine. Alifungua ile orodha ya Insert na F7 kwenye ukurasa wetu wa habari, nayo ikasoma "Soma zaidi" mara kumi na mbili mfululizo, kisha "Bofya hapa" mara tatu. Katika orodha hiyo kiungo hukaa peke yake bila sentensi inayokizunguka, kwa hiyo "hapa" ni popote na "zaidi" ni zaidi ya nini. Nimeviandika upya vyote kwa jina la kitu chenyewe: "Masharti ya mkopo wa dharura", "Tarehe ya mkutano mkuu". Sentensi nyingi zimekuwa fupi zaidi kwa hilo, maana "bofya hapa ili" ni maneno yasiyobeba kitu.

Mwenyekiti wa chama, nilipompelekea maelezo ya kazi hii, aliuliza swali la haki kabisa: je, sheria inatulazimisha? Nilimjibu kwamba Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kwamba imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inazungumzia ufikivu na kuitaja intaneti kwa jina. Lakini nilimsimulia pia kisa cha Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona aliyewasilisha malalamiko mwaka 1999 dhidi ya kamati iliyoandaa michezo ya Olimpiki ya Sydney. Mojawapo ya madai yake lilihusu urambazaji moja kwa moja: kwamba kutoka ukurasa wa ratiba hakuweza kuifikia orodha ya michezo. Kamati ilijitetea kwamba marekebisho yangekuwa mzigo mkubwa mno, tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo haikukubali, na mwaka 2000 iliamuru alipwe dola 20,000 za Australia. Mwenyekiti alitazama jina la Mwalimu katika daftari la wanachama, akaidhinisha malipo yangu.

Aliniuliza pia kama isingekuwa rahisi kununua kile kibandiko kinachotangazwa mtandaoni, mstari mmoja wa msimbo unaodaiwa kuifanya tovuti yoyote ifikike kwa kila mtu. Msimamo wangu ni hapana, na si wangu peke yangu. Kibandiko hakiwezi kujua kwamba div yangu ilikusudiwa kuwa mlango, na watu wasioona wengi wamelalamika kwamba vibandiko hivyo hugombana na programu zao wenyewe. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe, mmoja wa wauzaji wakubwa wa bidhaa za aina hiyo, italipa dola milioni 1 kutokana na madai yaliyopotosha kuhusu uwezo wa bidhaa yake. Vipimaji vya bure vinavyochunguza msimbo nimevikubali zaidi, na huvitumia kila siku, ila mpaka wake lazima uujue: hukuambia kwamba kiungo kina jina, havikuambii kwamba jina hilo ni "hapa". Kipimo changu cha kweli siku hizi ni kuchomoa kipanya, kuwasha NVDA, kupunguza mwanga wa kioo mpaka kiwe cheusi, na kujaribu kuufikia ukurasa wa mikopo. Mara ya kwanza nilishindwa kwenye tovuti niliyoijenga mwenyewe.

Mwezi wa tatu baada ya ziara ile nilirudi Ngamiani. Mwalimu alifungua ukurasa wa mwanzo, sauti ikaendelea kwa Kiswahili chake cha ndani ya debe, akabonyeza Tab mara chache, Enter, Tab tena, Enter, H, na tukawa kwenye masharti ya mkopo wa dharura. Hakusema kitu. Aliyasikiliza masharti yote, akaniuliza kwa nini riba imepanda, nami nikamwambia hilo si langu.

Wiki iliyofuata kiolezo kilitoa toleo jipya, nami nikalisakinisha usiku bila kukumbuka kwamba mabadiliko yangu yalikuwa ndani ya faili ambalo toleo jipya hulifuta na kuliandika upya. Asubuhi simu iliita kabla sijanywa chai. "Mwanangu," Mwalimu alisema, "Mzungu amerudi."

Faili hilo sasa nimelitenga, halifutwi tena.